Mahali pa Kuvuta Pumzi

Kuna siku moja haitaki kunitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimekaa juu ya robota la nguo katikati ya chumba changu hapa Guangzhou, nalikandamiza kwa uzito wangu wote ili kamba zifungike. Wabebaji walikuwa wameshafika mlangoni na mkokoteni wao. Ndani ya robota lile, chini kabisa, chini ya suruali za jinzi na blauzi za watu, kulikuwa na magauni kumi na mawili ya rangi ya zambarau ambayo hayakutakiwa kwenda popote. Niliyatia mimi, kwa mikono yangu na akili zangu timamu. Nataka nikueleze ilikuwaje, ili siku wivu utakapokukalia kifuani na wewe, ujue mwenzako ulimfikisha wapi.

Najua unachotaka kusema. Mtu wa miaka thelathini na mmoja anawaitaje watu mwanangu? Mvi sina, na mtoto wangu wa kumzaa, Zuhura, ana miaka mitano tu, anachorachora ukutani hapa ninapoandika na nimeshamkemea mara mbili. Lakini mji huu una hesabu yake ya umri. Wengi wanakuja wiki tatu, wananunua, wanapakia, wanaondoka. Wanafunzi wanamaliza masomo, wanarudi kwao. Mwenye viza ya mwaka mzima anaitwa mwenyeji. Mimi nina miaka tisa hapa, kwa hiyo mimi ni bibi wa mji, na nitakushauri utake usitake.

Yote yalianzia nyumbani kwa Mama Salma. Huyu ni mjane wa Kizanzibari anayepikia wafanyabiashara chakula kwake, ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei. Ukitoka kuzunguka maduka ya nguo ya Shisanhang tangu asubuhi, miguu imevimba na kichwa kinavuma, kwake ndiko unakopata pilau ya kweli. Muziki wa sauti kubwa haukuwezekana, maana mwanamke wa Kichina wa ghorofa ya nane alikuwa na tabia ya kugonga bomba la maji kwa kijiko. Basi Mama Salma akawa anaweka VCD za marehemu mumewe kwa sauti ndogo. Mumewe alikuwa baharia, na alipenda vile vikundi vya zamani vya Wamarekani weusi: vijana wanne, suti za kufanana, hakuna gitaa, hakuna ngoma, midomo mitupu. Mmoja anaimba mbele habari za msichana aliyemkimbia, wenzake wanamjibu nyuma du-wap, du-wap, na mmoja anakaa chini kabisa ananguruma kama jenereta ya jirani.

Siku hiyo tulikuwa wanne tunaosubiri chakula. Rehema, wakala wa viatu, mtu anayependa kusikilizwa hata anapoagiza maji. Sauda na Joyce, waliopanga chumba kimoja na kugombana kutwa. Na mimi, Mwanaidi wa Tanga, kazi yangu kufungia watu mizigo ya nguo. Tukaanza kuwaiga wale Wamarekani kwa mzaha. Rehema akashika mbele bila kuulizwa. Sauda na Joyce wakakaa katikati. Mimi nikashuka chini, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kufika huko.

"Shoga, hiyo ni sauti au lori linapanda mlima Sekenke?" Rehema akaniuliza.

Mama Salma akatoka jikoni na mwiko. "Midomo minne," akasema, "na hakuna hata mmoja uliouliza vitunguu anamenya nani."

Jina likabaki hapo hapo: Midomo Minne. Tukaimba kwenye harusi, kwenye Iddi, kwenye sherehe za kuaga wanafunzi. Watu walimtazama Rehema, na haki yao, mwanamke mzuri yule. Lakini mimi nilijua kwamba nikinyamaza tu wote watatu wanabaki hewani, hawana pa kukanyaga. Tulikuwa na wimbo wetu wa kutunga wenyewe, wa kuaga wasafiri, na ndani yake mna mstari mmoja mrefu ambao sauti ya chini haitakiwi kukatika. Mimi nilikuwa nimegundua pa kuvuta pumzi. Rehema akipanda juu kabisa, masikio ya watu yote yako kwake. Hapo ndipo naiba pumzi yangu, na hakuna anayejua. Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri yangu na fahari yangu, na nakwambia ukweli, fahari hiyo ilinishibisha kuliko makofi.

Magauni niliyanunua mimi, kwa kuwa nguo ndiyo kazi yangu. Nilikwenda Shisanhang nikamwonyesha laoban, tajiri wa duka, vidole vinne. Akacheka. "Meyo," akasema, neno lao la kukwambia hakuna, akanisukumia pakiti nzima: kumi na mawili, saizi nne, matatu kwa kila saizi. Duka la jumla halifungui pakiti kwa ajili ya mtu anayetaka gauni lake moja. Hata fundi wa kudarizi alitia jina letu kifuani kwa yote kumi na mawili, uzi mweupe, bila kuniuliza.

Mama Salma alipoyaona yamepangwa kitandani kwangu aliuliza, "Na haya manane ya nani?"

"Ya akiba," Rehema akasema.

"Akiba ya nini? Mnategemea kuharibika?"

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Miaka miwili baadaye nikabeba mimba. Mwezi wa saba ulipoingia hata gauni kubwa kuliko yote lilikataa kunipita. Nilikuwa nahema nikipanda ngazi tatu, lakini hakuna aliyeniambia nipumzike na mimi sikusema nimechoka. Basi Alhamisi moja mchana nilikaanga kachori, nikaenda nazo kwa Mama Salma. Nikatoka kwenye lifti, nikasimama nje ya mlango nipate nguvu. Ndipo nikajisikia naimba. Nasema kweli. Nilijisikia mwenyewe naimba, ndani, na mimi niko nje na bakuli mkononi.

Nikafungua. Alikuwa msichana mrefu anaitwa Neema, wa Iringa, amekuja kwa ufadhili kusomea udaktari, kalelewa kwenye kwaya. Alikuwa amesimama mahali pangu, kwenye sauti yangu, amevaa gauni la akiba, ambalo Rehema alikuja kuniazima juzi yake bila kusema la nani. Lilimkaa vizuri kuliko nililovaa mimi lilivyowahi kunikaa.

"Karibu, Mwanaidi," Rehema akasema. "Tulikuwa tunajaribu tu."

"Mnajaribu gauni au mnajaribu mtu?"

Sauda akaanza kutazama kucha zake. Joyce, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Dada, wewe siku hizi unahema hata ukigeuka kitandani."

"Kuna siku nimewaambia nimeshindwa?"

"Ndiyo maana hatukukwambia," Rehema akajibu. "Ungesema hivi hivi unavyosema."

"Weka kachori chini kabla hujazimwaga," Mama Salma akasema kutoka jikoni, "halafu gombaneni."

Hatukugombana. Nilikaa, nikala, nikamsifu Neema mbele yao wote. Mwanangu, angeimba vibaya ningemsamehe siku ile ile. Tena ningemwonea huruma, ningemletea na tangawizi. Aliimba vizuri. Sauti yake ya chini ilikuwa nene na tulivu, haitetemeki, na kwa wiki nzima nilipokuwa nakunja nguo za watu niliisikia kichwani badala ya yangu. Unajua mtu anavyolipigapiga jino bovu kwa ulimi? Ndivyo nilivyokuwa. Kila nilipopata nafasi nilijikumbusha ilivyo nzuri, ili niumie vizuri.

Siku chache kabla ya sherehe ya Iddi, Neema alikuja chumbani kwangu peke yake na mfuko wa machungwa.

"Dada Mwanaidi, shikamoo. Naomba unisaidie. Ule mstari mrefu pumzi inaniishia katikati. Wewe unavutia wapi?"

"Si unasomea udaktari? Kafungue kitabu cha mapafu."

Akanitazama. "Nimeuliza vibaya, dada?"

"Umeuliza vizuri. Jibu ndilo hilo."

Akaaga kwa adabu, akaacha machungwa. Niliyala yote huku nimekasirika.

Sasa, magauni yote yalikaa kwangu. Ndivyo tulivyozoea: baada ya kila shughuli wananiletea, nafua, napiga pasi, natunza. Kwa hiyo siku mbili kabla ya sherehe yalikuwa yamekunjwa juu ya meza yangu, kumi na mawili kamili, yanasubiri kuchukuliwa. Na pembeni yake lilikuwepo robota la mteja wangu wa Kariakoo, Mama Kulthumu, halijafungwa, kontena linaondoka jioni ile. Sikufikiri kwa muda mrefu. Ningependa kukwambia nilisitasita, lakini sikusitasita. Nikayatia chini, nikapanga jinzi juu, nikakaa. Ndiyo ile siku niliyoanza kukueleza.

Kisha nikampigia Rehema simu, nikalia kwamba magauni yamechanganyika na mzigo wa watu. Machozi yalikuwa ya kweli. Sababu ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Siku ya Iddi nilikwenda mapema ukumbini, nikakaa mbele kabisa na tumbo langu, niwaone wanavyoaibika. Wakaingia kila mtu na lake: Rehema na gauni lake la Iddi la kijani, Sauda na dera, Joyce na kitenge, Neema na kanga mbili za kuazima kwa Mama Salma. Walifanana na watu waliokimbia moto. Moyo wangu ukachangamka.

Rehema akasimama mbele, akawatazama watu, akasema, "Nguo zetu zimewahi meli. Sisi tumebaki kuziaga."

Ukumbi mzima ukacheka. Na kabla hawajamaliza kucheka wakaanzisha ule wimbo wa kuaga.

Ulipokaribia mstari mrefu nikaacha kupumua. Nilikuwa namsubiri Neema akatike. Naye, kwa kuwa hakuijua njia yangu ya siri, hakujaribu kuficha. Alisimama kabla ya neno la mwisho, akavuta pumzi waziwazi, kwa sauti, mabega yakapanda yakashuka. Ilisikika kama mtu anayemtazama mpenzi wake akiondoka, asiyejua watakutana lini. Kisha akamalizia neno. Mwanamume mzima aliyekuwa kando yangu, muuza vipuri, mtu mkavu, akatoa kitambaa akajifuta macho.

Ile pumzi niliyoiba kwa siri miaka miwili, yeye aliivuta hadharani, ikawa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Na aliyemlazimisha avute pale ni mimi.

Zuhura alizaliwa mwezi uliofuata. Walikuja wote kunitazama, na Neema pia, wakaleta nguo za mtoto. Niliwapa soda, nikawajibu neno moja moja mpaka wakaondoka. Nilipotoka arobaini Mama Salma akaniita kwake mchana, kabla wateja hawajafika. Hakuniwekea chakula. Aliniwekea VCD.

"Niliuona mkokoteni," akasema. "Nilikuwa naleta uji. Gauni la zambarau lilikuwa limetoa ulimi pembeni ya robota."

Nikawa namtikisa mtoto ambaye alikuwa amelala zamani.

"Tazama hapa. Hawa ndio wale vijana unaowajua, wana miaka ishirini hapa. Huyu wa mwisho kulia, wa sauti ya chini kama wewe. Tazama mguu wake wa kushoto."

Nikatazama. Kila walipopiga hatua ya pamoja, yule wa kulia aliuburuta mguu wa kushoto kidogo, nusu ya mdundo nyuma ya wenzake. Alikuwa na mguu mbovu.

Akatoa diski ile akatia nyingine. Ukumbi mkubwa, rangi kali, taa. Kikundi kile kile, jina lile lile limeandikwa nyuma kwa taa, lakini miaka arobaini imepita.

"Wa mwanzo wamebaki wangapi?"

Nikahesabu. "Mmoja. Yule mwenye kipara."

"Mmoja. Aliyekuwa akiimba mbele kamalizwa na pombe. Wa pili aliacha kuimba akaenda kuendesha basi, abiria wake hawakujua wanaendeshwa na nani. Marehemu mume wangu alikuwa na kijitabu chao, akinisomea. Na huyu wa mguu aliugua, wakatia mtu mwingine. Sasa mtazame huyo mtu mwingine."

Mwanangu, alikuwa kijana mwenye miguu mizima, anaruka vizuri. Lakini walipofika kwenye ile hatua ya pamoja aliuburuta mguu wa kushoto, nusu ya mdundo nyuma ya wenzake.

"Kamfundisha nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Yule mgonjwa. Unadhani hakuona wivu? Aliona mpaka akakonda. Lakini alimwita kijana nyumbani kwake, akamwonyesha yote, na mguu mbovu ukiwemo. Ameshakufa, na mguu wake bado uko jukwaani." Akazima televisheni. "Na wewe Mwanaidi, umeacha nini mle ndani? Umepeleka magauni Kariakoo."

"Wao ndio walioanza, Mama Salma. Waliweka mtu mahali pangu kimyakimya."

"Walianza, kweli. Na wao nimeshawasema, kwa maneno makali kuliko haya, Rehema alilia hapo ulipokaa. Leo zamu yako. Lia kama unataka."

Sikulia. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo sehemu ya hasira ile ninayo. Walinikosea. Mtu anabeba mimba, hafi. Wangeniuliza, ningepiga kelele siku mbili, ya tatu ningekubali. Lakini kukosewa hakukunifundisha kufunga robota. Hilo nililijua mwenyewe.

Usidhani hata magauni yenyewe yaliniheshimu. Mama Kulthumu alinipigia simu kutoka Kariakoo: "Mwanaidi, yale ya zambarau yenye maandishi yamekwisha siku moja. Niletee mengine." Mpaka leo wapo wanawake Dar es Salaam wanaokwenda sokoni na jina la kikundi changu kifuani, na hakuna hata mmoja anayejua kuimba.

Rehema alipokuwa anarudi nyumbani moja kwa moja, nilimsindikiza kupanda basi la uwanja wa ndege. Masanduku yake yalikuwa yameshaingia tumboni mwa basi ndipo akanishika mkono.

"Yale magauni uliyasafirisha wewe."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ningekuwa mimi ningeyachoma." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilikuogopa, shoga. Ndiyo maana sikukwambia habari za Neema."

"Mimi nilikuona hunitaki."

"Nitampata wapi mwingine kama wewe, na lori lako?"

Tukakumbatiana. Miaka mitatu tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, mwanangu, kwa sababu yeye aliniogopa na mimi niliona wivu, na hakuna aliyesema.

Sauda alinyimwa viza akaishia Tanga kwetu. Joyce kaolewa Mwanza. Neema alimaliza masomo, sasa ni daktari, na kabla hajaondoka alimfundisha aliyemfuata, naye akamfundisha mwingine. Midomo Minne ipo bado. Wasichana wanne, wanafunzi wazuri, hakuna hata mmoja aliyekuwa Guangzhou wakati sisi tunaanza. Mama Salma aliwatuma kwangu mwezi uliopita wanisikilize. Nikawaimbisha ule wimbo, tukafika kwenye mstari mrefu, nikamwonyesha binti wa sauti ya chini pale ninapoiba pumzi.

Akanisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema, "Samahani, Mama Zuhura. Hapo kwetu ni kosa. Sisi tunapumua hapa." Akavuta pumzi ile, kwa sauti, mabega yakapanda yakashuka.

Nilimwambia amepatia. Nikaenda jikoni nikaosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Na hivi sasa ninapoandika, Zuhura anaimba huko ukutani kwake. Anaimba wimbo wetu wa kuaga, aliousikia kwa wale wasichana. Anafika kwenye mstari mrefu, anasimama, anapandisha vibega vyake vidogo, anavuta pumzi ya Neema. Mtoto niliyemzaa mimi, aliyekuwa tumboni siku ile nimekaa juu ya robota. Wivu, mwanangu, haukuisha. Sitakudanganya kwamba unaisha.

Basi nasaha yangu ni hii. Nafasi uliyo nayo, ya kazi, ya wimbo, hata ya kusimama mlangoni pa duka, mtu mwingine ataishika, na huenda akaishika vizuri kuliko wewe. Ukiona wivu, useme kwa mdomo wako mbele ya anayehusika, hata kama utaonekana mdogo. Na anayekuja kushika mahali pako akikuuliza unafanyaje, mwambie. Mwambie yote, hata lile ulilolificha, hasa lile ulilolificha. Mwambie huku umekasirika ikibidi, lakini mwambie kabla hajaondoka na wewe umebaki na machungwa.

Mungu akupe sauti, mwanangu, na wenzako wa kuimba nao. Akupe mzigo mwepesi na safari njema ya kurudi. Na siku ya kumpisha mwingine ikifika, akupe mtu atakayebisha hodi kukuuliza unavuta wapi pumzi, na akupe moyo, ambao mimi sikuwa nao, wa kumfungulia na kumwonyesha.